Kompyuta ya Kuchimba Sarafu: Kabla Hamjanunua Hata Skurubu Moja

Mwezi uliopita vijana tisa wa kikundi kimoja cha akiba walitujia ofisini na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake walikuwa wameandika vitu walivyotaka kununua: prosesa, madabodi, kadi mbili za grafiki, feni sita, na chini kabisa, "pawa saplai yoyote". Walikuwa na shilingi 85,000, pesa waliyoichanga kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne. Walitaka tuwasaidie kuchagua vipuri vya kuunda kompyuta ya kuchimba sarafu za kidijitali, ikae nyumbani kwa mmoja wao. Mweka hazina wao, binti anayeuza mitumba sokoni, alituuliza swali moja tu: "Hii kitu itarudisha pesa yetu ama hairudishi?"

Tulikaa nao siku tatu, pamoja na fundi wa kompyuta na fundi wa stima. Tunayaandika hapa tuliyoyapitia kwa sababu tunajua si wao peke yao. Kila mtaa siku hizi una kijana aliyeona video ya mashine inayowaka taa za rangi na mwenyewe anasema analipwa akiwa amelala.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Uchimbaji huu hauna jembe wala mgodi. Kompyuta nyingi duniani zinashindana kutafuta namba fulani kwa kubahatisha tu, maelfu ya mara kwa sekunde. Kila jaribio moja linaitwa heshi. Anayeipata namba inayofaa anaruhusiwa kuandika ukurasa mpya katika daftari la malipo la sarafu ile, na kwa kazi hiyo anapewa sarafu mpya. Kwa maneno mengine, mashine yako inanunua tiketi za bahati nasibu usiku na mchana, na pesa ya kununulia tiketi ni stima. Kwa hivyo mtu anayechagua vipuri anapaswa kuuliza kila kimoja: unanipa heshi ngapi kwa kila uniti ninayolipia? Sisi tuliongeza swali la pili, ambalo vijana hawakuwa wamelifikiria: siku sarafu ikianguka, kipuri hiki kitafanya kazi gani nyingine?

Sarafu huchaguliwa kabla ya vipuri

Vijana walikuwa wamefanya kosa la wengi. Walichagua mashine kabla ya kuchagua sarafu. Ni kama mtu kununua plau kabla hajajua kama shamba ni la mpunga au la chai.

Bitcoin ndiyo inayojulikana zaidi, na ndiyo isiyofaa kabisa kwa kompyuta ya nyumbani. Ilipoanza Januari 2009, kompyuta ya kawaida iliweza kuichimba. Baadaye watu wakatumia kadi za grafiki, na tangu mwaka 2013 zikaja mashine maalumu ambazo hazijui kazi nyingine yoyote ila hiyo. Chukua Antminer S19 Pro iliyotoka 2020. Inafanya heshi trilioni 110 kwa sekunde na inakula wati 3,250. Soketi ya kawaida ya nyumba zetu ni ya ampia 13, yaani wati 3,120 kwa volti 240, kwa hivyo mashine hiyo moja inaishinda soketi yako kabla hujawasha hata balbu. Ikiwaka saa 24 inakula uniti 78. Kelele zake hazimwachi jirani alale. Tena malipo ya kila ukurasa wa Bitcoin yalipunguzwa Aprili 2024 kutoka sarafu 6.25 hadi 3.125.

Ethereum ndiyo iliyowafanya watu wajaze nyumba zao kadi za grafiki. Uchimbaji wake ulikwisha tarehe 15 Septemba 2022, wakati sarafu hiyo ilipobadilisha utaratibu wake na kuacha kabisa kutumia wachimbaji. Hili ni jambo kubwa, na ajabu ni kwamba ile karatasi ya vijana ilitokana na video iliyotengenezwa kabla ya siku hiyo. Kadi mbili walizoandika zilikuwa za kuchimba Ethereum! Ukitazama video ya ushauri, angalia kwanza ni ya mwaka gani. Bado zipo sarafu nyingine zinazochimbwa kwa kadi, kama Ravencoin na Ethereum Classic, lakini kadi zote zilizofukuzwa Ethereum zilitafuta makao huko, na chakula kikawa kidogo kwenye sahani.

Kwa anayeanza nyumbani tulibaki na Monero. Tangu Novemba 30, 2019, sarafu hii inatumia njia ya hesabu inayoitwa RandomX, iliyotengenezwa makusudi ili prosesa ya kompyuta ya kawaida ishindane vizuri na mashine maalumu. Faida yake kwetu ni kwamba kompyuta inayochimba Monero ni kompyuta kamili. Kesho inaweza kuchapa barua, kuhariri picha za harusi au kufundishia watoto.

Hesabu ya stima

Hapa ndipo tulipokaa zaidi, na hapa ndipo nyuso zilibadilika. Msomaji, chukua kalamu.

Monero hutoa ukurasa mpya kila dakika mbili kwa wastani, na tangu Juni 2022 kila ukurasa unalipa sarafu 0.6. Kwa siku kuna kurasa 720, kwa hivyo dunia nzima inagawana sarafu 432 kila siku. Hiyo haibadiliki, hata wachimbaji wakiwa wengi namna gani. Kinachobadilika ni idadi ya wanaogawana. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba wachimbaji wote duniani kwa pamoja wanafanya heshi bilioni 5 kwa sekunde, na kwamba sarafu moja ni shilingi 40,000. Ukifanya hesabu yako, weka namba za siku hiyo.

Prosesa ya Ryzen 5 3600, ambayo ni ya bei ya wastani na hupatikana mtumba, inafanya karibu heshi 6,500 kwa sekunde. Gawanya kwa bilioni 5 kisha zidisha kwa 432. Utapata sarafu 0.00056 kwa siku, yaani shilingi 22 hivi.

Sasa matumizi. Kompyuta nzima yenye prosesa hiyo itakula wati 120 hivi ukutani. Mara saa 24 ni uniti 2.88. Tuseme uniti, pamoja na kodi, malipo ya mafuta na makato mengine yote, inakufikia kwa shilingi 28. Gawanya tu pesa uliyolipa kwa uniti ulizopewa kwenye ujumbe wako wa tokeni, utaona yako ni ngapi. Siku moja inakula shilingi 80 na senti 64.

Shilingi 22 ndani, shilingi 80 nje. Kwa mwezi ni hasara ya zaidi ya shilingi 1,700, na hatujahesabu bei ya mashine.

Kijana mmoja akasema, "Lakini bei ya sarafu inaweza kupanda." Ni kweli. Hata ikipanda mara tatu, iwe shilingi 120,000, mapato yatakuwa shilingi 67 kwa siku, bado chini ya stima. Na ikipanda hivyo, wachimbaji wengine wataongezeka na fungu lako litapungua. Mwenzake akasema basi wanunue prosesa kubwa. Tukahesabu Ryzen 9 5950X, inayofanya karibu heshi 17,000. Kompyuta yake tukaikadiria wati 180. Mapato shilingi 58 na senti 75, stima karibu shilingi 121. Ni afadhali kidogo kwa kila uniti, lakini bado ni ndoo iliyotoboka.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye video hizo za ng'ambo. Katika mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, stima ya nyumbani Kenya iligawanywa kwa madaraja: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na waliozidi 100. Nyumba ambayo mashine ingekaa inatumia uniti 25. Ongeza 86 za mashine, inakuwa 111. Mama wa nyumba ile angeruka kutoka daraja la chini kabisa hadi la juu, na hata balbu na redio yake zingehesabiwa kwa bei ya juu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Wakati huu mweka hazina alikuwa amenyamaza, anaandika. Akauliza, "Na wale wanaofaulu, wanafaulu aje?" Wanafaulu kwa stima ambayo ingepotea bure. Kampuni ya Gridless, kwa mfano, imechimba Bitcoin kwa mashine maalumu kwenye mitambo midogo ya maji huku Kenya, Malawi na Zambia, ikila ile stima ya ziada ambayo wanakijiji hawaitumii. Mto hautoi bili ya tokeni. Mwenye sola anaweza kuiga jambo hilo kwa udogo: betri zikijaa na jua bado linawaka, mashine inaweza kuwashwa. Lakini kwa saa sita za jua, mashine yetu ya mfano itapata kama shilingi 5 na nusu. Tena isichimbe kamwe kwa stima iliyo ndani ya betri, kwa sababu betri inachakaa kwa kila mzunguko, na betri ni ghali kuliko sarafu zote utakazopata.

Basi, kwa nini tuendelee kuzungumza juu ya vipuri? Kwa sababu kikundi hakikutaka kuacha. Walisema wanataka kompyuta kwa hali yoyote, na kama itajifunzisha uchimbaji kwa siku chache, vizuri. Tukakubali, kwa sharti kwamba kila kipuri kiweze kujitetea bila sarafu.

Prosesa na keshi yake

Kwa Monero, usitazame tu kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Tazama keshi ya L3, ile akiba ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa hugawa kazi yake katika nyuzi, na kila uzi wa RandomX unataka MB 2 za keshi hiyo. Ryzen 5 3600 ina MB 32 na nyuzi 12, kwa hivyo nyuzi zote zinakula zikashiba. Core i7-8700 pia ina nyuzi 12, lakini keshi yake ni MB 12, kwa hivyo ni sita tu zinazopata chakula. Ile kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye Core i5-6500 ina MB 6, nyuzi tatu basi. Na zile Core 2 Duo ambazo bado ziko katika shule nyingi zisikujie akilini, kwa sababu hazina hata maagizo ya AES ambayo hesabu hii inayahitaji ili iende haraka.

Tahadhari moja kuhusu hiyo Ryzen 5 3600: haina picha ya ndani. Bila kadi ya grafiki, skrini itabaki nyeusi, na wengine wameirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Kadi ndogo ya bei rahisi inatosha. Iko Ryzen 5 5600G yenye picha ndani, lakini keshi yake ni MB 16, kwa hivyo nyuzi 8 tu kati ya 12 ndizo zitachimba vizuri. Kwa kikundi hiki sisi tungechukua hiyo ya pili bila kusita, maana kazi yao ya kila siku ni ofisi. Walichukua ya kwanza. Vijana ni vijana.

Madabodi isiwachukulie pesa nyingi. Aina ya B450 yenye soketi ya AM4 inatosha, na soketi hiyo hiyo inapokea hata ile 5950X siku mkitaka kupanda. Muulize muuzaji kama BIOS yake imesasishwa. Madabodi ya B450 iliyotengenezwa kabla ya katikati ya 2019 inaweza kukataa prosesa za Ryzen 3000 mpaka isasishwe, na kuisasisha unahitaji prosesa ya zamani ambayo huna. Tazama pia kama sehemu iliyo karibu na prosesa, ile inayogawa stima, ina vyuma vya kupoza juu yake. Prosesa inayofanya kazi usiku kucha inaichosha sehemu hiyo kuliko kompyuta ya karani.

Memori: RandomX inataka GB 2 na kitu kwa ajili yake yenyewe, kwa hivyo GB 8 zinatosha kuchimba. Nunua vijiti viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, na kwa kazi ya ofisi viwili vya GB 8 ni bora zaidi. Viwili vinafanya kazi sambamba, kimoja kinaifanya prosesa ingoje. Diski iwe SSD ndogo. Kuchimba kupitia kikundi cha mtandaoni hakuhitaji nafasi wala bando kubwa, lakini anayetaka kuweka daftari zima la Monero nyumbani ajue linazidi GB 200, na kulishusha kwa bando za simu ni kujitafutia ugonjwa wa moyo.

Pawa saplai si "yoyote"

Sasa turudi kwenye ule mstari wa mwisho wa karatasi. Fundi wetu wa stima aliposoma "pawa saplai yoyote" alivua miwani. Akamwambia aliyeandika, "Kijana, hiki ndicho kipuri cha pekee kinachoweza kuwachoma mkiwa mmelala." Kijana akajibu, "Pole mzee, hatukujua."

Pawa saplai ni lile boksi la chuma ambalo waya ya ukutani huingia. Kazi yake ni kugeuza stima ya nyumba iwe ya volti ndogo, na katika kugeuza kuna inayopotea kama joto. Zile nzuri zina alama ya 80 Plus: ya kawaida, Bronze, Silver, Gold na kuendelea. Gold inapitisha karibu asilimia 90. Ile isiyo na alama inaweza kupitisha asilimia 75 tu. Vipuri vikihitaji wati 100, ya kwanza inavuta 111 ukutani, ya pili 133. Hizo wati 22 zikiwaka mwezi mzima ni uniti 16, shilingi 448 kwa bei yetu ya mfano. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 5,000 zinazoenda kupasha joto chumba.

Usinunue kubwa kupita kiasi kwa sababu ya kuogopa, wala ndogo kwa sababu ya bei. Mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya wati zilizoandikwa, na wengi hufanya vizuri zaidi mzigo ukiwa karibu nusu. Kwa kompyuta ya kikundi hiki, wati 450 zilitosha na kubaki. Iinue mkononi. Ile bandia ni nyepesi kama kopo tupu, kwa sababu ndani hamna shaba wala vyuma vya kutosha.

Wanaotaka kuweka kadi nyingi hutumia raiza, ule ubao mdogo unaoitoa kadi nje ya madabodi. Hapa pameungua nyumba za watu. Tundu la kadi linaruhusiwa kuvuta hadi wati 75, lakini plagi ya SATA, ile bapa ya diski ambayo raiza nyingi huuzwa pamoja nayo, imewekewa kiasi cha wati 54 tu. Inayeyuka polepole, halafu inashika moto. Tumia waya wa pini sita unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Duka likikuambia "hii ni sawa tu, watu wote wanatumia", toka.

Kadi za mtumba

Hatukuwashauri kununua kadi kubwa, lakini tunajua wengine watanunua, kwa hivyo tuseme machache. Kadi ya GB 4 isikutie tamaa. Ethereum ilizishinda kadi hizo Desemba 2020, na sarafu nyingine zimefuata njia hiyo. Ukitafuta RX 580, jua kwamba ziko mbili zenye jina hilo. Ile kamili ina vitengo 2304 vya kuhesabia, na iko nyingine ya 2048 ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyovalishwa koti la ndugu yake. Programu ya GPU-Z itakuonyesha namba hiyo kwa dakika moja, basi usilipe kabla hujaiona kwenye skrini.

Jihadhari pia na P106-100. Bei yake huwa ya kuvutia sana. Ilitengenezwa kwa uchimbaji tu na haina tundu la skrini, kwa hivyo siku uchimbaji ukikataa unabaki na tofali. Kadi yoyote ya mtumba iwashwe kazi nzito nusu saa mbele yako. Vikitokea vijisanduku vya rangi kwenye skrini, memori yake imechoka. Feni iguse kwa kidole ikiwa imezimwa: ikitikisika, imekwisha.

Nyumba na joto

Wati zote zinazoingia kwenye mashine hutoka kama joto, hakuna inayobaki. Chumba cha mabati kisicho na dirisha kitakuwa tanuri. Prosesa ibaki chini ya nyuzi joto 80, vumbi lipulizwe kila mwezi, na boksi lisikae sakafuni. Pwani kuna chumvi hewani, na chumvi inakula shaba.

Mzee mmoja wa kutoka upande wa Limuru alituuliza kama joto hilo linaweza kulea vifaranga. Swali zuri kuliko mengi tuliyosikia! Mtu anayewasha balbu ya wati 120 usiku kucha kwa ajili ya vifaranga tayari anailipia ile stima, na mashine ya wati 120 ingetoa joto lile lile na kumrudishia shilingi chache juu yake. Lakini vumbi la manyoya litaziba feni kwa wiki moja, na kinyesi cha kuku kinakula vyuma. Labda mashine ikae chumba cha pili na joto lipitishwe kwa bomba. Hatujaona aliyefanya hivyo.

Kabla ya kuwasha chochote cha kukaa usiku kucha, fundi wa stima aangalie waya ya ethi. Katika ile nyumba tuliyoitembelea, soketi ilikuwa na tundu la tatu lakini nyuma yake hamkuwa na waya wowote. Ekstensheni za bei rahisi zisitumike. Na nunueni kipima wati cha kuchomeka ukutani. Programu ya kompyuta hukuonyesha kile prosesa inachokula tu, na bili hailetwi kwa prosesa peke yake.

Pesa ifike mkononi

Sarafu zikipatikana zinaingia kwenye pochi ya kidijitali, na pochi ya kawaida ya Monero hulindwa na maneno 25. Anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye pesa. Kwa kikundi, yaandikwe kwa mkono na yawekwe mahali pawili, yasipigwe picha kwa simu. Monero huficha nani amelipa nani, jambo ambalo linaweza kuleta maneno kati ya wanachama, lakini upo ufunguo wa kutazama ambao mweka hazina anaweza kuwapa wenzake waone kilichoingia bila uwezo wa kukitoa.

Kuuza ndiko kugumu. Masoko makubwa kadhaa yaliiondoa Monero, Binance ikiwa mojawapo mnamo Februari 2024, kwa hivyo huenda ukalazimika kuibadilisha iwe sarafu nyingine kwanza, na kila mbadilishano una makato yake. Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kuhusu sarafu hizi tangu Desemba 2015. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasimamia watoaji wa huduma za mali za kidijitali, kwa hivyo unayemkabidhi sarafu zako mwulize leseni yake. Na mtu anayekuambia umpe pesa akuchimbie kwa mashine zilizo mbali ambazo hujaziona, huyo usimwulize chochote.

Vijana walinunua kompyuta yenye Ryzen 5 3600, memori GB 16, SSD na pawa saplai ya Gold ya wati 450, wakaongeza printa. Zilibaki shilingi 27,000 na kitu, zikarudi kwenye akiba. Hawakuiweka nyumbani kwa yule mama. Iko kwenye kibanda karibu na soko, chenye mita yake. Walichimba siku saba, kipima wati kikaonyesha 118, uniti karibu 20 zikaenda. Walipata sarafu za thamani isiyofika shilingi 200. Sasa inachapa barua za kazi na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali, na siku ya soko kuna foleni.

Mweka hazina amebandika karatasi ukutani. Kila Jumatatu anaandika bei ya sarafu, heshi za dunia na bei ya uniti, halafu anafanya hesabu mbele ya wenzake. Tumetoa nakala za karatasi hiyo. Anayeitaka apitie ofisini, aje na ujumbe wake wa tokeni wa mwezi uliopita tuijaze pamoja.